Johannes Kepler: Alitazama nyota ya mkia, akamtetea mama yake

Ndugu na dada wapendwa katika Bwana, hasa ninyi wa makanisa ya mashariki, tunawasalimu kutoka Mashamba, upande huu wa Kolwezi ambako ardhi imechimbuliwa mashimo makubwa kwa ajili ya shaba na kobalti.

Tangu katikati ya mwaka 2025 telefoni za waamini wetu zimekuwa zikipokea video na ujumbe juu ya nyota ya mkia iliyotoka nje ya mfumo wa jua letu. Wanasayansi waliipa jina la 3I/ATLAS. Iligunduliwa tarehe 1 Julai 2025 na darubini iliyoko Río Hurtado, nchini Chile. Muda haukupita, maneno yakaanza. Wengine walisema ni chombo cha viumbe wa sayari nyingine, wengine kwamba ni alama ya mwisho wa dunia, na wengine kwamba serikali kubwa zinatuficha habari. Vijana walituuliza, wamama walituuliza, hata wahubiri walituuliza.

Tumeona vema tuwajibu kwa kuwasimulia maisha ya mtu mmoja aliyefariki karibu miaka 400 iliyopita. Alikuwa Mprotestanti kama sisi, alitaka kuwa mchungaji, na Mungu akampeleka kwenye kazi nyingine. Bila hesabu zake, hakuna mtu ambaye angeweza kusema leo kwamba nyota hii imetoka mbali na kwamba haitarudi. Na bila moyo wake, mama yake mzazi angeteketezwa kwa moto kama mchawi. Jina lake ni Johannes Kepler.

Mtoto na mama yake juu ya kilima

Kepler alizaliwa tarehe 27 Desemba 1571 katika mji mdogo wa Weil der Stadt, kusini mwa Ujerumani. Alizaliwa kabla ya wakati, akawa mtoto dhaifu. Alipokuwa mdogo aliugua ndui. Alipona, lakini macho yake yalibaki na kasoro na mikono yake ikadhoofika. Baba yake, Heinrich, alikuwa askari wa kukodiwa. Alikwenda vitani akarudi, akaenda tena akarudi, na mwisho akaondoka moja kwa moja, wala jamaa yake hawakumwona tena. Wengi wetu huku kwenye migodi, na ninyi huko kwenye vita, mnajua nyumba za namna hiyo: baba hayupo, na mzigo wote uko juu ya mama.

Mama huyo aliitwa Katharina. Alikuwa binti wa mwenye nyumba ya wageni, hakuwa na elimu ya shule, alijua majani ya dawa, na ulimi wake ulikuwa mkali. Mwezi wa Novemba 1577 nyota kubwa ya mkia ilionekana katika Ulaya yote. Watu waliogopa, vijitabu vya kutisha vikachapwa na kuuzwa sokoni. Katharina alimshika mkono mwanawe, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 6, akampandisha mahali pa juu ili aione. Kepler hakuisahau siku hiyo maisha yake yote.

Nyota ile ile ilitazamwa pia na mtu mkubwa wa Denmark, Tycho Brahe. Wakati huo wenye elimu wengi walifundisha, kwa kumfuata Aristotle, kwamba nyota za mkia ni mvuke unaowaka hewani chini ya mwezi. Tycho aliamua kupima. Jambo lenyewe si gumu kulielewa. Ukisimama ukatazama kichuguu kilicho karibu, kisha ukasogea hatua kumi upande, utaona kichuguu kimehama kutoka mbele ya mti mmoja hadi mbele ya mti mwingine. Lakini kilima cha mbali sana hakihami. Tycho alilinganisha mahali nyota ilipoonekana kutoka kwake na mahali ilipoonekana kutoka mji mwingine wa mbali. Kama ingekuwa karibu kuliko mwezi, ingeonekana kuhama sana. Haikuhama hivyo. Basi ilikuwa mbali kupita mwezi, na mafundisho ya karne nyingi yakaanguka kwa kipimo kimoja kilichofanywa kwa uaminifu.

Mwanafunzi wa theolojia

Kepler alikuwa na akili nyingi, na mtawala wa Württemberg alikuwa na utaratibu mzuri: watoto maskini wenye akili walisomeshwa bure ili wawe wachungaji wa Kilutheri. Hivyo mtoto huyu alipita katika shule za seminari za Adelberg na Maulbronn, na mwaka 1589 akaingia chuo kikuu cha Tübingen. Huko mwalimu wake wa hesabu, Michael Mästlin, alimfundisha mawazo ya Copernicus kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua.

Alikuwa amebakiza muda mfupi tu amalize theolojia, barua ikafika kutoka Graz, katika Austria. Shule ya Waprotestanti ilikuwa imefiwa na mwalimu wa hesabu. Walimu wa Tübingen wakamchagua Kepler. Hakupenda, moyo wake ulikuwa kwenye mimbari. Lakini alitii, akaenda mwaka 1594. Baadaye alielewa kwamba mtu anaweza kumtukuza Mungu kwa hesabu za mbingu kama vile mchungaji anavyomtukuza kwa Neno.

Hapa hatutaki kumfanya Kepler kuwa malaika. Kazi yake huko Graz ilikuwa pia kuandika kalenda yenye utabiri wa mwaka. Katika kalenda yake ya kwanza alitabiri baridi kali na uvamizi wa Waturuki. Yote mawili yakatokea, naye akapata sifa. Maisha yake yote watu wakubwa walimtafuta awasomee nyota, naye mara nyingi aliwafanyia kwa sababu mshahara wake haukulipwa. Aliona kwamba sehemu kubwa ya unajimu wa sokoni ni upuuzi, lakini hakuukataa wote. Alikuwa mtu wa wakati wake, mwenye njaa na watoto wa kulisha.

Kufukuzwa kwa ajili ya imani

Mwaka 1597 alimwoa Barbara Müller. Watoto wao wawili wa kwanza walikufa wakiwa wachanga. Mwaka 1598 mtawala wa Graz, aliyekuwa Mkatoliki, aliwafukuza wahubiri na walimu Waprotestanti. Kepler aliruhusiwa kurudi kwa muda, lakini mwaka 1600 akawekwa mbele ya uchaguzi: ageuze imani au aondoke. Aliondoka, akiacha sehemu kubwa ya mali ya mke wake.

Alikimbilia Prague, kwa Tycho Brahe, ambaye sasa alikuwa mwanahesabu wa Kaisari Rudolf. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Oktoba 1601, Tycho alifariki, na Kepler akawekwa mahali pake. Aliurithi mzigo wa vipimo ambavyo Tycho alikuwa amevikusanya kwa miaka mingi bila darubini, kwa macho na vyombo vikubwa tu.

Kazi aliyopewa ilikuwa kuieleza njia ya sayari ya Mars. Miaka yote watu waliamini kwamba kila kitu mbinguni kinatembea katika duara kamili. Kepler alijaribu duara, akahesabu upya mara nyingi, akafika mahali ambapo hesabu na vipimo vilikaribiana sana. Tofauti iliyobaki ilikuwa dakika 8 za pembe, kitu kidogo kama robo ya upana wa mwezi unavyoonekana kwetu. Mtu mwingine angesema inatosha. Lakini Kepler alijua kwamba Tycho hakukosea kwa kiasi hicho, na aliona vipimo vile kama zawadi kutoka kwa Mungu isiyofaa kudharauliwa. Akaitupa kazi yake ya miaka, akaanza tena.

Mwaka 1609 alichapisha jibu: sayari haziendi katika duara bali katika duaradufu, yaani duara lililonyooshwa kidogo, na jua haliko katikati bali kwenye nukta moja iliyo pembeni. Mtoto anaweza kuichora. Piga misumari miwili kwenye ubao, funga uzi uliolegea kati yake, ivute kalamu ndani ya uzi ukiuzungusha. Umbo litakalotokea ndilo njia ya dunia yetu kulizunguka jua, ingawa njia ya dunia imenyooshwa kidogo mno. Alionyesha pia kwamba sayari inapokuwa karibu na jua inakwenda mbio zaidi, na inapokuwa mbali inakwenda polepole.

Nje ya Meza ya Bwana

Mwaka 1611 ulikuwa mwaka wa machozi. Mwanawe Friedrich, mwenye miaka 6, alikufa kwa ndui. Miezi michache baadaye mke wake naye akafa. Kaisari aliyemwajiri akaondolewa madarakani. Mwaka 1612 Kepler alihamia Linz.

Huko alitumaini kupata faraja kanisani mwake. Badala yake mchungaji wa Linz, Daniel Hitzler, alimzuia kushiriki Meza ya Bwana. Sababu ilikuwa andiko la mapatano ya imani ya Walutheri, lililokamilishwa mwaka 1577, mwaka ule ule wa nyota ya utoto wake. Andiko hilo lilieleza kwa namna fulani jinsi mwili wa Kristo unavyoweza kuwapo kila mahali. Kepler alikubali karibu yote, lakini kwa sehemu hiyo dhamiri yake haikumruhusu kutia sahihi. Aliandikia wakubwa wa kanisa huko Stuttgart. Wakamuunga mkono mchungaji. Mwaka 1619 mwalimu wake wa zamani wa Tübingen, mtu aliyempenda, alimthibitishia kwamba mlango umefungwa.

Wakatoliki walimfukuza kwa kuwa Mprotestanti, na Waprotestanti wakamzuia mezani. Angeweza kugeuka na kupata cheo. Alialikwa zaidi ya mara moja. Hakugeuka, wala hakuanzisha kanisa lake, wala hakuacha kusali. Sisi tunaoishi kati ya makanisa yanayogawanyika kila mwaka kwa sababu ya kiti, hebu tulifikirie jambo hilo kabla ya kuendelea.

Nyota tatu na vita

Mwaka 1618 nyota tatu za mkia zilionekana. Ya tatu, iliyotokea mwezi wa Novemba, ilikuwa kubwa na ya kuogofya. Mwezi wa Mei mwaka huo huo, huko Prague, ugomvi kati ya Waprotestanti na maofisa wa kaisari ulikuwa umewasha vita ambayo ingedumu miaka 30. Mnaweza kuwazia maneno ya watu. Wahubiri walitangaza hukumu, wachapaji walipata faida.

Kepler alifanya kazi yake: alitazama na kuandika mahali nyota ilipokuwa usiku hadi usiku. Mwaka 1619 alitoa kitabu juu ya nyota za mkia. Alidhani zinapita katika mstari ulionyooka, zinakuja na kuondoka bila kurudi. Katika hili alikosea. Hakuwahi kuwazia kwamba duaradufu yake mwenyewe inaweza kuwa njia ya nyota za mkia. Ile aliyoitazama mwaka 1607 ilikuwa kweli inalizunguka jua. Baadaye Mwingereza Edmond Halley aliona kwamba nyota za mwaka 1531, 1607 na 1682 ni moja, akasema itarudi. Ilionekana tena mwishoni mwa mwaka 1758, Halley akiwa amekwisha kufa. Kosa la Kepler halikuharibu kitu, kwa kuwa aliandika kwa uaminifu alichokiona, tofauti na alichokidhani. Aliyekuja nyuma yake akaweza kumsahihisha.

Mama anaitwa mchawi

Sasa tunafika mahali ambapo tunawaomba msome polepole.

Mwaka 1615, katika mji wa Leonberg, mwanamke mmoja jina lake Ursula Reinbold, mke wa fundi wa vioo, alisema kwamba Katharina alimpa kinywaji na tangu hapo anaumwa. Zamani walikuwa marafiki, kisha waligombana. Ofisa wa leta pale, Lutherus Einhorn, alikuwa mkali katika kesi za uchawi, na wanawake wengine walikuwa wameuawa mjini humo. Neno likaota miguu. Mmoja alikumbuka kwamba mguu wake ulianza kuuma baada ya kupita kwa Katharina. Mwingine alikumbuka ng'ombe wake. Binti mdogo aliyekuwa amebeba matofali alikutana na mama huyo njiani, mkono ukamuuma, basi ikawa ushahidi.

Katharina mwenyewe hakujisaidia. Aliingia nyumba za watu bila kuitwa, alitoa dawa na mashauri. Aliwahi kumwomba mchimba makaburi fuvu la baba yake ili alifanye kikombe, kwa sababu alisikia katika mahubiri kwamba watu wa kale walifanya hivyo. Alimtolea ofisa kikombe cha fedha ili kesi isimame, na tendo hilo likahesabiwa kuwa ungamo. Alikuwa mzee mwenye akili ya kizee na maneno mengi. Hilo si uchawi.

Na Kepler mwenyewe alikuwa na jiwe moyoni. Alikuwa ameandika hadithi ya kubuni juu ya safari ya kwenda mwezini, na ndani yake yumo mama mjuzi wa majani anayeita roho. Aliiandika ili kufundisha elimu ya nyota kwa njia ya kupendeza. Nakala yake ilipita mikono ya watu, na baadaye aliamini kwamba masimulizi yale yaliongeza mafuta kwenye moto uliomzunguka mama yake. Kila anayetuma hadithi ya ajabu kwa telefoni akicheka na akumbuke jambo hilo. Hadithi ikitoka mkononi mwako, hujui itamfikia nani.

Usiku wa Agosti 1620 askari walimkamata Katharina katika nyumba ya binti yake, aliyekuwa ameolewa na mchungaji. Walimtoa ndani ya sanduku la nguo ili majirani wasijue. Alikuwa na miaka zaidi ya 70. Alifungwa kwa minyororo, akilindwa na walinzi wawili waliolipwa kwa mali yake mwenyewe. Jamaa walianza kulegea. Mwanawe mwingine, na hata mkwe wake mchungaji, walichoka na aibu.

Kepler alikuwa mwanahesabu wa kaisari, mwenye jina kubwa Ulaya yote. Angeweza kukaa mbali na kuandika barua za huzuni. Badala yake alifunga nyumba yake huko Linz, akasafiri hadi Württemberg, akasimama upande wa mama yake karibu mwaka mzima. Karani wa tribinali aliandika, kama mtu anayesikitika, kwamba mshtakiwa amefika akisaidiwa na mwanawe.

Alifanya nini? Alifanya kwa mashahidi kile alichofanya kwa sayari ya Mars. Alichukua kila shtaka, akauliza: Ni siku gani? Nani aliona kwa macho yake, na nani alisikia kwa mwingine? Ugonjwa ulianza kabla au baada? Alionyesha kwamba Ursula alikuwa mgonjwa kabla ya kinywaji hicho, na kwamba alikuwa ametumia dawa kali. Alionyesha kwamba binti aliyebeba matofali aliumwa mkono kwa sababu ya mzigo wa matofali. Alionyesha kwamba mashahidi walibadilisha maneno yao miaka ilivyopita. Aliandika utetezi mrefu wa kurasa zaidi ya 100.

Mwisho wanasheria wa Tübingen waliamua kwamba mama yule atishwe kwa vyombo vya mateso bila kuguswa. Tarehe 28 Septemba 1621 alipelekwa mbele ya mtesaji, naye akamwonyesha chombo kimoja kimoja. Mama mzee alijibu kwamba hata wakimchomoa mishipa hana la kuungama, akapiga magoti, akasali Sala ya Bwana, akamkabidhi Mungu neno lake. Siku chache baadaye aliachiliwa, baada ya miezi 14 ya kifungo. Hakuweza kurudi Leonberg, kwa kuwa watu walitishia kumuua. Mwezi wa Aprili 1622 alifariki.

Miaka ya mwisho

Kepler alirudi kazini. Vita vilimfuata. Mwaka 1626 Linz ilizingirwa na mtambo wa kuchapa ukaungua. Alihamia Ulm, na mwaka 1627 akatoa majedwali ya mwendo wa sayari, yaliyokuwa sahihi kuliko yote yaliyotangulia. Hazina ya kaisari ilikuwa na deni la mishahara yake ya miaka mingi. Alikuwa safarini kufuatilia haki yake alipougua katika mji wa Regensburg, akafa tarehe 15 Novemba 1630, akiwa na miaka 58. Alizikwa katika makaburi ya Waprotestanti. Vita ikapita juu ya makaburi hayo, na leo kaburi lake halijulikani lilipo.

Nyota ya leo

Turudi sasa kwenye 3I/ATLAS. Wanasayansi walijuaje kwamba imetoka nje? Kwa hesabu iliyoanza na misumari miwili na uzi. Kuna namba inayopima jinsi njia ilivyonyooshwa. Duara ni 0. Duaradufu ni chini ya 1, na kinachopita humo kitarudi. Namba ikizidi 1, njia imefunguka: kitu kinakuja mara moja, kinapinda kidogo mbele ya jua, kinakwenda zake. Mgeni wa kwanza, 'Oumuamua, wa mwaka 2017, alikuwa na 1.2. Wa pili, Borisov, wa mwaka 2019, alizidi 3. Huyu wa tatu amezidi 6. Njia yake ni karibu mstari ulionyooka, kama Kepler alivyodhani kwa nyota zote za mkia. Alikosea kwa nyota za nyumbani, lakini kwa wageni hawa hakuwa mbali sana.

Nyota hii ilipogunduliwa ilikuwa inakwenda karibu kilomita 221,000 kwa saa. Ilifika karibu zaidi na jua mwishoni mwa Oktoba 2025, na tarehe 19 Desemba ilipita mahali pake pa karibu zaidi na dunia, umbali wa kilomita kama milioni 270. Huo ni karibu mara mbili ya umbali wetu na jua. Haikuwa na hatari yoyote kwetu.

Profesa mmoja wa Harvard, Avi Loeb, alisema tusikatae mapema kwamba huenda ni chombo kilichotengenezwa. Kuuliza si dhambi. Lakini majibu yalitafutwa kwa vipimo, na vipimo vilionyesha mambo ya nyota ya mkia: vumbi, mvuke wa maji, na gesi ya kaboni dioksidi nyingi. Watu walishtuka kusikia kwamba ndani yake kuna nikeli, wakasema hiyo ni kazi ya kiwanda. Ndugu, sisi wa Mashamba tunaweza kusaidia hapa. Kila mchimbaji anajua kwamba chuma, shaba na kobalti viko ndani ya jiwe kabla mtu hajafika na nyundo. Mwaka 2021 wanasayansi wa Liège, Ubelgiji, walitangaza kwamba nikeli na chuma vimo katika mvuke wa nyota nyingi za mkia za hapa kwetu.

Mwezi wa Oktoba tena, mitambo ya redio ya MeerKAT, huko Afrika Kusini, ilipokea alama ya redio kutoka kwa nyota hiyo. Ujumbe ulizunguka kwamba viumbe wameanza kusema. Alama hiyo ilikuwa ya chembe zinazotokea maji yanapovunjwa na mwanga wa jua, jambo la kawaida kwa nyota za mkia. Lililotupendeza sisi ni kwamba sikio lililosikia lilikuwa katika bara letu.

Wala si mara ya kwanza Afrika yetu kushuhudia. Tarehe 1 Novemba 1948, jua lilipofunikwa kabisa, watu wa Nairobi waliona nyota ya mkia karibu nalo, ambayo hakuna aliyekuwa ameiona kabla.

Tunachoomba

Nabii Yeremia, katika sura ya 10, anawaonya watu wa Mungu wasishtushwe na ishara za mbingu kama mataifa yanavyoshtushwa. Na amri ya tisa inatukataza kumshuhudia jirani uongo. Katika maisha ya Kepler tunaona amri hizo zikitembea pamoja. Uvumi juu ya nyota na uvumi juu ya mama mzee hutoka katika chungu kimoja. Nyota haiumii tukiisingizia. Mama anaumia.

Huku kwetu na huko kwenu, wamama wazee bado wanashtakiwa uchawi. Mtoto akiugua, ng'ombe akifa, mgodi ukiporomoka, macho yanamtafuta mjane. Wengine wamefukuzwa, wengine wamechomwa moto, na mara nyingine aliyelitamka jina lao alikuwa amesimama kanisani akijiita nabii. Tunawaomba wachungaji na wazee wa kanisa: neno kama hilo likifika mlangoni kwenu, lipimeni. Ulizeni siku, ulizeni nani aliona, mpelekeni mgonjwa hospitali. Na ninyi wana mliosoma, mlio na vyeo mijini, msikae mbali kwa sababu ya aibu. Rudini nyumbani, simameni kando ya mama yenu.

Tuombe. Ee Bwana uliyeziweka nyota na kuzijua kwa majina, utupe macho ya kutazama, subira ya kupima, na ulimi unaongoja kabla ya kusema. Uwalinde wamama wote wanaolala usiku huu na hofu ya majirani zao. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.